Jagi la kale mezani: la kumwagia au la kutazama? Nisaidieni kuchagua

#1 Kabati Jipya

Wakuu, habari. Nina meza ya watu wanane na nimechoshwa na majagi ya plastiki. Kwa muda sasa nakusanya vyombo vya kale, vingine vya mnadani, vingine vya kurithi, na nataka vifanye kazi. Nimebaki na majagi matatu, sijui lipi likae mezani.

A: Jeupe, zito, la udongo mgumu. Chini lina nembo ya kifalme yenye simba na farasi mwenye pembe, maneno Ironstone China, neno England, na namba 6 iliyokandamizwa kwenye udongo. Lina vinyufa vyembamba juu ya ule utando wa kioo. Tena lina kitundu kidogo sana pale mkono unapoungana na tumbo kwa chini. Cha nini, sijui.

B: La rangi ya fedha, limeandikwa EPNS. Pembeni mwa mdomo limechakaa, panaonekana unjano.

C: La kioo, zito, limejaa nakshi za pembe pembe. Halina alama yoyote.

Juu ya hayo kuna bakuli kubwa lenye kifuniko na makombe mawili, yaani sahani kubwa za kupakulia, na hakuna kinachofanana na mwenzake. Msimamo wangu ni kwamba jagi lisilomwaga vizuri halina haki ya kukaa mezani, hata liwe la karne gani. Nipingeni.

#2 Tone

Sikupingi, naongeza tu: jaribu kwa maji kabla ya kuuliza watu. Naweka kambi hapa.

#3 Mzee wa Mnada

Mleta uzi, nianze na A. Hiyo nembo isikupandishe presha. Simba na farasi mwenye pembe ni nembo ya ufalme wa Uingereza, na viwanda chungu nzima viliibandika chini ya vyombo vyao bila kuwa na uhusiano wowote na ikulu. Ironstone ni udongo mgumu ambao Charles James Mason aliupatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1813. Jina lilivuma kwa sababu linaahidi uimara wa jiwe na chuma, ingawa chuma chenyewe hakimo. Baadaye kila mfinyanzi akalitumia.

Neno England ndilo la maana. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890, ile ya McKinley, ikaanza kubana mwaka uliofuata: bidhaa inayoingia ioneshe jina la nchi ilikotoka. Kwa hiyo chombo chenye jina la nchi mara nyingi ni cha 1891 kuja huku. Kikiwa na Made in England, kisogeze mbele zaidi, karne ya 20.

#4 Kijana Mdadisi

Na hiyo 6 si mwaka 1906? Inaingiana kabisa na maelezo ya mzee.

#5 Mzee wa Mnada

Inaingiana kwa bahati tu. Wafinyanzi wa Uingereza walikuwa na hesabu yao ya dazeni. Namba iliyokandamizwa chini ya jagi mara nyingi huonesha vyombo vingapi vya ukubwa huo vilihesabiwa kuwa dazeni moja. Dazeni yao haikuwa lazima iwe kumi na mbili: vyombo vikiwa vidogo waliweka vingi, vikiwa vikubwa vichache. Kwa hiyo namba ikishuka, jagi linakua. Lenye 36 ni dogo, lenye 6 ni jitu.

Mleta uzi, linabeba lita ngapi?

#6 Kabati Jipya

Nimepima sasa hivi kwa chupa: lita tatu na nusu hadi ukingoni. Tupu lina kilo mbili na kidogo.

#7 Mzee wa Mnada

Basi ndiyo hiyo.

#8 Kijana Mdadisi

Au ni namba ya mfanyakazi aliyelitengeneza. Nayo ilikuwepo, msinifunge mdomo mapema 😄

#9 Shangazi Kombe

Mwanangu Kabati Jipya, nisamehe nikuharibie karamu. Lita tatu na nusu, jeupe, zito, mdomo mpana? Hilo ni jagi la chumbani. Kabla ya mabomba kuingia vyumbani, watu waliweka jagi na beseni lake juu ya meza ndogo, wakanawia uso asubuhi. Beseni likivunjika, jagi hubaki yatima, na mnada hulibatiza "jagi la mezani". Wageni wako watakunywa kutoka kwenye chombo cha kunawia.

#10 Tone

😂😂😂 Uzi umeanza.

#11 Kabati Jipya

Shangazi, umenikata maini. Kuna namna ya kuhakikisha?

#12 Shangazi Kombe

Angalia mdomo. La kunawia humwaga kwa wingi kwenye beseni, kwa hiyo mdomo wake ni mpana na umejikunja kama jani. La mezani linalenga bilauri, mdomo wake huwa umebanwa. Halafu angalia mkono: wa chumbani humwezesha mtu aliyesimama kuinamisha jagi, vidole vyote vinaingia. Si sheria ya kukata kauli, ila macho yakizoea hayapotei sana.

#13 Udongo Mfinyanzi

Shangazi nakuheshimu, lakini namba 6 na lita tatu na nusu havithibitishi chumbani. Majagi makubwa ya bia na ya maziwa yalikuwepo, na yalitoka kwenye viwanda vilevile kwa safu za ukubwa, kubwa hadi dogo, umbo moja. Jagi kubwa la safu ya namna hiyo linaweza kuwa halijawahi kuona beseni maishani mwake. Ukiniuliza mimi, hata likiwa la kunawia, hivi sasa ni safi na miaka zaidi ya mia imepita. Tatizo langu ni uzito tu. Maji lita moja ni kilo moja. Jagi kilo mbili, maji kilo tatu na nusu, jumla kilo tano na nusu kwenye mkono mmoja uliobandikwa kwa uji wa udongo kabla ya kuchomwa. Mkono wa jagi la udongo ni kipande cha pembeni kilichogandishwa. Ukivunjika, huvunjika pale pale kwenye kiungo, na huvunjika likiwa limejaa.

Kama ni lazima utumie A, lijaze nusu, na mkono wa pili ushike kitako.

#14 Nahodha wa Meza

Hapo kwenye kujaza nusu mkuu umegusa penyewe. Watu wanachagua jagi kwa umbo, hawajiulizi nani atalinyanyua. Kama mezani kuna mzee au mtoto, jagi likijaa lisizidi kilo mbili. Ndiyo maana mimi huweka majagi mawili ya lita moja, kila upande wa meza, badala ya jitu moja katikati ambalo kila mtu anaomba lisogezwe.

#15 Fundi Lehemu

Nije kwenye B. EPNS ni kifupi cha electroplated nickel silver, yaani imechovywa fedha kwa umeme: haina fedha ndani, ni juu tu. Ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao wenyewe waliuita fedha ya nikeli wakati fedha haimo hata chembe. Huo unjano kwenye mdomo ni mchanganyiko huo wa ndani unachungulia. Uchovyaji wa fedha kwa umeme ulipata hataza ya Elkington mwaka 1840, kwa hiyo B haiwezi kuwa kabla ya hapo.

Fedha ya kweli ya Uingereza ina mihuri: simba anayetembea kwa kiwango cha 92.5%, na alama ya mji wa upimaji. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, taji lilikuwa Sheffield hadi 1975 kisha likawa waridi. Nchi nyingine nyingi utakuta namba 925. Mihuri ya kuchovya huigiza: herufi kadhaa ndani ya vingao, mtu wa pembeni anadhani ni fedha tupu.

#16 Kijana Mdadisi

Mimi nilisikia ukiona wekundu chini ya fedha basi umepata ile ya Sheffield ya zamani, ile ya thamani.

#17 Fundi Lehemu

Umesikia nusu. Sheffield ya zamani, iliyoanzishwa na Thomas Boulsover miaka ya 1740, ni karatasi ya fedha iliyounganishwa na shaba nyekundu kwa moto, kisha zikapitishwa kwenye vinu pamoja. Wekundu unaonekana kweli ikichakaa. Lakini viwanda vya baadaye vilichovya fedha juu ya shaba nyekundu kwa umeme, nayo ikichakaa ni nyekundu vilevile. Tofauti tafuta kwenye kingo. Fundi wa Sheffield alikuwa akikata karatasi, ubavu wa shaba unaonekana, kwa hiyo alikunja ukingo au akaufunika kwa waya wa fedha. Pia kuna mshono kwenye tumbo la jagi, mara nyingi nyuma ya mkono. Chombo cha umeme kimechovywa kizima kizima baada ya kuundwa, hakina cha kuficha.

Na ukikuta Sheffield halisi usiipeleke kuchovywa upya. Wanunuzi wa vitu hivyo wanautaka wekundu wake.

#18 Mama Bilauri

Fundi, na B yake je? Inafaa kwa juisi?

#19 Fundi Lehemu

Maji, sawa. Juisi ya limau au kitu chochote chenye siki, mimi nisingeweka pale fedha ilipochakaa. Asidi inagusa shaba na nikeli moja kwa moja, na kuna watu ngozi yao haipatani na nikeli kabisa. Ndani kukiwa bado kuna fedha nzima, mimina, kunywa, osha hapo hapo. Usilaze.

Na chumvi usiikaribishe kwenye fedha. Inaila na kuacha madoa meusi ya vitundu. Ndiyo sababu vibakuli vya kale vya chumvi vilipakwa dhahabu ndani au vikawekewa kikombe cha kioo.

#20 Nahodha wa Meza

Weusi wa B mnautoaje? Mimi karatasi ya alumini, maji ya moto, magadi ya kuokea. Dakika chache tu, inang'aa.

#21 Mzee wa Mnada

Na unaharibu. Nakshi za fedha zinasomeka kwa sababu ya weusi uliokaa kwenye mitaro yake. Ukiuondoa wote, maua yote yanakuwa bapa. Kitambaa laini na dawa ya fedha, juu ya mgongo wa nakshi tu.

#22 Fundi Lehemu

Mzee, kwa upande wa nakshi uko sahihi, kwa upande wa kupoteza fedha Nahodha ana hoja. Weusi ni fedha iliyoshikana na salfa. Njia ya alumini inaivuta salfa na kuirudisha fedha mahali pake. Kusugua kunaiondoa hiyo fedha moja kwa moja, na tabaka la kuchovya ni jembamba. Majagi mangapi yamekuwa ya njano kwa sababu ya usafi wa kupindukia?

Ila tahadhari: chombo chenye mkono au sehemu iliyojazwa lami ndani usikitumbukize kwenye maji ya moto.

#23 Mzee wa Mnada

Kila mtu na jagi lake. Yangu yatabaki na kumbukumbu zao.

#24 Tone

Jamani kuhusu kumwaga. Nina jagi la kioo zuri kuliko yote niliyonayo na kila likimwagwa, maji yanarudi nyuma yanateremka shingoni hadi kwenye kitambaa cha meza. Mleta uzi ukijaribu C utuambie. Sababu ni nini?

#25 Udongo Mfinyanzi

Ukingo wa mdomo. Mdomo wenye ukingo wa duara, mnene, maji yanaugeukia na kuufuata. Mdomo wenye ukingo mkali yanakatika na kuruka. Mfinyanzi mzuri hukwangua upande wa chini wa mdomo mpaka unakwaruza kidole kidogo. Pitisha kidole chini ya mdomo kabla ya kununua, ni kipimo tosha.

#26 Nahodha wa Meza

Ni mwendo. Unamwaga kwa woga. Mwaga kwa kukaza, na ukimaliza simamisha jagi ghafla.

#27 Mama Bilauri

Ni kujaza sana. Jagi lililojaa hadi shingoni lazima liinamishwe kidogo kidogo, maji yanatoka kwa uvivu, yanashuka chini.

#28 Kijana Mdadisi

Hili lina historia ya kisayansi jamani, msicheke. Markus Reiner aliliandikia mwaka 1956 akaliita athari ya buli. Mwaka uliofuata Joseph Keller akalitolea hesabu: shinikizo la hewa ndilo linaloukandamiza mkondo dhidi ya mdomo wa chombo. Mwaka 1999 Keller na Jean-Marc Vanden-Broeck wakapewa zawadi ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha kwanza halafu kufikirisha, kwa kazi ya mdomo wa buli usiodondosha.

#29 Udongo Mfinyanzi

Umeacha upande mmoja. Mwendo mdogo una mambo yake, pale kulowana kwa uso wa chombo kunahusika: maji yanapenda kushika kwenye kioo na kwenye utando wa udongo. Watu wa zamani walipaka siagi kidogo chini ya mdomo wa buli, maji yakakataa kushika. Hewa peke yake haielezi kwa nini siagi inafanya kazi.

#30 Tone

Kwa hiyo ni ukingo, mwendo, ujazo, hewa au siagi?

#31 Mama Bilauri

Ndiyo.

#32 Kabati Jipya

Nimejaribu yote matatu kwa maji. A linamwaga kama bomba, bilauri inafurika kabla sijajua. B haliachi hata tone, mdomo wake ni mkali. C linadondosha nikimwaga polepole, nikikaza linatulia, Nahodha ukae na ushindi wako. Sasa nisaidieni hizo nakshi za C: ni za kukatwa au za kukandamizwa?

#33 Mzee wa Mnada

Funga macho, pitisha kidole. Kioo kilichokatwa kwa gurudumu kina kingo zinazouma. Kilichokandamizwa kwenye kalibu kingo zake ni laini, zimelala. Kisha tafuta mshono, mstari mwembamba unaopanda ubavuni, mara nyingi miwili au mitatu, ambapo vipande vya kalibu vilikutana. Ukandamizaji wa kioo kwa mashine ulishika kasi Marekani miaka ya 1820, na nia yake ilikuwa hasa kuiga kioo cha kukatwa.

#34 Shangazi Kombe

Mzee, ongeza kwamba mshono unaweza kufutwa. Walirudisha chombo motoni kidogo ili kingo zilainike na mshono upotee. Na kuna vyombo vilivyokandamizwa kwanza kisha vikamaliziwa kwa gurudumu. Mimi nina bakuli moja nililolikagua mpaka macho yakauma na sijui niliite nini.

#35 Mama Bilauri

C likiwa zito namna hiyo, usisahau kristali ya risasi, kioo chenye madini ya risasi (lead). George Ravenscroft wa Uingereza alipata hataza ya kioo chake mwaka 1674, akaongeza oksidi ya risasi kioo kikawa kizito, laini kukatwa na chenye mwako. Kwa viwango vya Ulaya, kinachoitwa kristali ya risasi kina angalau 24% ya oksidi ya risasi. Gonga ukingo taratibu kwa ukucha: kinalia kwa muda mrefu.

Kumwagia wageni mezani kwa saa moja mbili, mimi sina neno. Kuhifadhi kinywaji humo kwa wiki na miezi, hapana, kwa sababu risasi inahamia kwenye kinywaji polepole, na chenye asidi huivuta zaidi. Mjamzito na watoto mimi ninawawekea jagi jingine kabisa.

#36 Nahodha wa Meza

Mnawatisha watu. Babu zetu wametumia na wamezeeka.

#37 Mama Bilauri

Waliozeeka ndio unaowaona, kaka. Wengine huwezi kuwahesabu.

#38 Udongo Mfinyanzi

Risasi hata kwenye A muiwaze. Utando wa vyombo vingi vya udongo vya zamani ulikuwa na risasi, hasa vile vya rangi kali vilivyovuma baada ya kiwanda cha Minton kuvionesha London mwaka 1851, majani, samaki, vikapu vya rangi. Hivyo kwangu ni vya matunda yenye ganda, basi. Utando uliochomwa vizuri na kubaki mzima hufunga risasi. Wenye vinyufa au uliochakaa ndio wa kushuku.

Vile vijiti vya kupimia nyumbani vinasema risasi ipo juu au haipo, havisemi inatoka kiasi gani. Kipimo cha maabara hukijaza chombo maji yenye 4% ya asidi ya siki, kinakaa saa 24, kisha wanapima maji yenyewe. Kijiti kisikupe amani ya bure, wala kisikufanye uvunje chombo.

#39 Kijana Mdadisi

Na mionzi! Kuna jagi la duara bapa la Fiesta, la Marekani, lilitoka miaka ya 1930. Lile jekundu la mwanzo lilipakwa rangi yenye urani. Mwaka 1943 wakaacha maana serikali iliitaka urani yote, 1959 wakarudi na urani iliyopunguzwa nguvu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

#40 Tone

Yaani kuna mtu alimwaga maji ya kunywa kwenye urani na wageni wakasema asante.

#41 Kijana Mdadisi

Kioo nacho kipo. Kile cha kijani-njano kikimulikwa kwa tochi ya mwanga wa zambarau usioonekana, kinawaka kijani kikali. Ila kioo cha zamani chenye manganizi nacho huwaka kijani hafifu, watu wanauziana manganizi kwa jina la urani kila siku.

Mleta uzi, tochi hiyo ununue tu, hata kwa A. Gundi na rangi za ukarabati wa kisasa huwaka tofauti na utando wa asili. Ufa uliofichwa unajitangaza.

#42 Kabati Jipya

Asanteni. Bado hakuna aliyenijibu kuhusu kitundu cha A.

#43 Nahodha wa Meza

Cha kutundikia ukutani.

#44 Udongo Mfinyanzi

Cha kilo mbili, kwa kitundu cha sindano? Nahodha bwana.

Mkono huo una uwazi ndani. Mkono wenye uwazi ukizibwa kote, hewa na mvuke vikipata moto wa tanuri havina pa kutokea, unapasuka. Mfinyanzi anaacha kitundu cha kupumulia, na anakificha chini ambapo jicho halifiki. Nina uhakika karibu wote.

#45 Fundi Lehemu

Hata kwenye fedha iko hivyo. Mikono ya mabuli ya fedha yenye uwazi huachiwa kitundu kidogo wakati wa kulehemu. Lakini mimi ninge­uliza kwanza kama lilikuwa na kifuniko. Majagi ya maji ya moto na ya sharubati yalifungwa vifuniko vya aloi ya bati vyenye bawaba, na bawaba hushikwa kwenye mkono kupitia vitundu.

#46 Shangazi Kombe

Hivyo vya kifuniko hukaa juu ya mkono, fundi, karibu na ukingo. Yeye anasema chini. Mimi nafikiria pini. Kabla ya gundi za leo, chombo kilichovunjika kilitobolewa nusu ya unene pande zote mbili za ufa, kikashonwa kwa vipande vya waya. Waya ukitoka, vitundu vinabaki. Mwanangu, kitundu kimepenya au kimeishia katikati?

#47 Kabati Jipya

Sindano inaingia yote shangazi. Na nilipolitikisa baada ya kupima lita, matone mawili ya maji ya kahawia yametoka humo.

#48 Udongo Mfinyanzi

Nilisema. Mkono uko wazi ndani na unakunywa maji ya kuoshea.

#49 Mama Bilauri

Ya kahawia?! Hiyo ni miaka mingapi ya maji ya sahani imelala humo? Ndiyo maana mimi siwezi.

#50 Shangazi Kombe

Au waya wa chuma ulikuwepo, umeoza kutu, ukatoa rangi. Simwachii Udongo ushindi kirahisi.

#51 Mzee wa Mnada

Au ni madoa yaleyale yanayopita kwenye vinyufa. Udongo chini ya utando ukinyonya mafuta au chai, unageuka kahawia na kuyatema taratibu. Ironstone ilipaswa kuwa ngumu isiyonyonya, lakini si kila kiwanda kilichoma kwa moto wa kutosha.

#52 Nahodha wa Meza

Dawa ya madoa ni klorini. Usiku mmoja, nyeupe pepe.

#53 Udongo Mfinyanzi

USIFANYE HIVYO. Klorini inaacha chumvi ndani ya udongo, chumvi ikikauka inavimba, utando unabanduka vipande vipande. Wanaojua hutumia peroksidi ya haidrojeni, isiyo kali, kwa subira, na chombo kilishwe maji safi kwanza. Na hata hivyo vinyufa vinabaki. Vinyufa ni utando na udongo kutopatana katika kusinyaa na kutanuka, hakuna sabuni ya kuvipatanisha.

#54 Kabati Jipya

Turudi kwenye mengine. Bakuli na makombe yasiyofanana, niyaweke pamoja au ni aibu?

#55 Shangazi Kombe

Aibu ya nani? Seti kamili ya kale ni nadra kwa sababu vyombo huvunjika kwa zamu. Mimi huchagua kitu kimoja cha kuviunganisha. Rangi ya weupe, kwa mfano: kauri yenye majivu ya mifupa, ile mfinyanzi Spode wa Uingereza aliyoikamilisha mwishoni mwa karne ya 18, ina weupe wa joto na mwanga unapenya. Ironstone ina weupe wa kijivu au buluu. Ukizichanganya ovyo, moja inaonekana chafu. Bluu na nyeupe zinapatana hata zikitoka viwanda kumi.

#56 Nahodha wa Meza

Mimi naangalia urefu. Jagi refu, bakuli la kati, kombe bapa. Watu waonane usoni. Ukipanga vitu vya kimo kimoja meza inakuwa ukuta.

#57 Fundi Lehemu

Na kombe la kale lipimwe na tanuri lako na kabati lako la sahani. Makombe ya zamani ni marefu kuliko unavyodhani. Mashine ya kuoshea sahau, dhahabu ya ukingoni inaondoka.

#58 Kabati Jipya

Kifuniko cha bakuli nimekigeuza, kina alama ya almasi yenye herufi kwenye pembe na IV juu.

#59 Mzee wa Mnada

Vizuri sana! Hiyo ni alama ya usajili wa umbo Uingereza, ilitumika 1842 hadi 1883. IV ni daraja la vyombo vya udongo na kauri, III ni kioo, I ni metali. Herufi ya mwaka hadi 1867 hukaa pembe ya juu, chini ya duara, kuanzia 1868 ikahamia pembe ya kulia. Lakini sikia: hiyo ni tarehe ya kusajili umbo. Bakuli lenyewe linaweza kuwa limetengenezwa miaka kadhaa baadaye.

#60 Kabati Jipya

Nimeamua kwa sasa: B ya maji, maana ndani fedha bado nzima. C kwa wageni, linamwagwa kwa kukaza na halilazi kinywaji. A litabeba maua.

#61 Udongo Mfinyanzi

Maua na mkono wenye maji ya kahawia. Sawa.

#62 Shangazi Kombe

Angalau uso wa mtu hautanawiwa.

#63 Mgeni Mpya

Samahani nimechelewa, nimesoma uzi wote. Langu limeandikwa kiwanda na 1790 chini. Basi ni la 1790?

#64 Mzee wa Mnada

Huo mara nyingi ni mwaka wanaodai kiwanda kilianzishwa. Kuna neno la nchi hapo chini? Tupia picha ya kitako, na ya mdomo pia.